Kuulegeza Mwili Kabla ya Kutafakari

Mbukwenyi, ndugu zangu. Nawashukuru kwa kuja Jumamosi hii, hasa ninyi mliotoka Bahi na Chamwino kwa vumbi na jua la Oktoba.

Waliowahi kunisikia wanajua ninakoelekea, na sitabadili njia leo, kwa sababu kosa lenyewe halijabadilika. Mtu anaketi, anafumba macho, anaanza kupambana na mawazo yake, na baada ya dakika kumi anainuka akilalamika kwamba kutafakari hakumfai. Nikimtazama akiwa ameketi ninaona mabega yamepanda kuelekea masikioni, meno yameumana, na vidole vya miguu vimejikunja ndani ya soksi. Mtu huyo hawezi kusema ameshindwa kutafakari, kwa kuwa alikuwa hajaanza. Aliutaka moyo utulie huku mwili ukiwa bado kazini.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mzee mmoja, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ilipita barabarani kati ya Dar es Salaam na Singida. Alikuwa amejaribu kutafakari kwa mwaka mzima bila kuona faida. Nilimwomba alale chali mkekani na kuulegeza mwili wote. Baada ya muda akasema, "Nimelegea, Mwalimu." Nikaingiza kiganja changu chini ya kifundo cha mkono wake wa kulia, nikaunyanyua kama shubiri moja, nikamwomba aniachie mimi uzito wote. Akasema ameshaniachia. Nikaondoa kiganja changu taratibu, na mkono ukabaki palepale hewani, vidole vimejikunja kidogo kama vilivyozoea kuushika usukani. Mkono uliolegea huanguka kama ndoo iliyokatika kamba, lakini wake ulisimama, na yeye, macho akiwa ameyafumba, alikuwa na hakika kabisa kwamba haushikiliwi na mtu. Wala hakuwa akinidanganya, kwani ndivyo alivyohisi.

Sikumwambia tena alegee, kwa sababu neno hilo lilikuwa limeshashindwa. Nilimwambia akunje ngumi na kuikaza kama anayevuta breki ya mkono kwenye mteremko, kisha asikilize mkazo unakaa wapi: kiganjani tu, au umepanda hadi kwenye kiwiko, au umefika begani. Nikahesabu hadi saba, nikamwambia aache kwa mara moja, pasipo kuushusha mkono kidogo kidogo. Mara ya kwanza mkono ulishuka kwa kusitasita, kama mgeni anayetafuta pa kukaa. Mara ya pili na ya tatu ulishuka vizuri zaidi. Mara ya nne uliangukia mkekani kwa kishindo, na mzee akafumbua macho kwa mshtuko, kwa kuwa hakujua kwamba mkono wake ni mzito kiasi kile. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe siku zote nilikuwa ninaushika mwenyewe."

Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi, na nitaendelea kukisimulia, kwa kuwa sijapata njia nyingine ya kueleza kwa nini tunakaza kwanza ndipo tulegeze. Msuli una kazi moja, nayo ni kujikunja. Kulegea si kazi ya pili bali ni mwisho wa ile ya kwanza, na ndiyo sababu anayejitahidi kulegea anajiongezea kazi. Zaidi ya hayo, mkazo uliodumu hausikiki. Anayeishi jirani na mashine ya kusaga haisikii ikinguruma, ila siku inapozimwa ndipo anapotambua kelele aliyokuwa akiishi nayo. Ukikaza msuli kwa makusudi unaipandisha kelele hadi isikike, na ukiacha unausikia ukimya.

Njia hii ilipangwa na daktari Mmarekani, Edmund Jacobson, aliyechapisha kitabu chake juu ya kulegeza misuli mwaka 1929. Hapa naomba subira yenu, kwa sababu kila mara kuna anayejiuliza misuli ina uhusiano gani na mawazo. Jacobson alipima umeme mdogo unaotoka kwenye misuli. Alipomwambia mtu aliyelegea awaze tu kwamba anakunja mkono, bila kuukunja, msuli wa mkono uleule ulionyesha umeme, na alipomwambia awaze maneno, dalili zilionekana kwenye misuli ya kusemea. Kwa hiyo yule anayelalamika kwamba kichwa chake hakinyamazi anapaswa kwanza kuuangalia ulimi wake, kwa kuwa mara nyingi ataukuta umegandamizwa kwenye kaakaa, tayari kwa hotuba. Uache ulimi ulale, meno yaachane kidogo ingawa midomo imefungwa, kisha uone maneno ya ndani yanavyopungua nguvu.

Jacobson mwenyewe alisisitiza kwamba kukaza ni somo la kuutambua mkazo tu. Mwanafunzi akishautambua huacha kukaza, akaenda moja kwa moja kwenye kuachia. Ninalisema hili kwa sababu wapo wanaokaza kwa nguvu zote miaka nenda miaka rudi, kana kwamba wanabeba magunia, wakidhani nguvu ndiyo dawa.

Mkulima wa zabibu wa Hombolo ataniambia kwamba akirudi jioni kutoka kupogolea mizabibu mwili wake umekwisha, hauna cha kulegezwa. Na mtumishi anayetoka ofisini Mtumba ataniambia hivyohivyo. Ninawaheshimu wote wawili, lakini hapa ndipo ninapokosa uvumilivu, kwa sababu tunachanganya vitu viwili. Kuchoka si kulegea. Mtu aliyechoka sana hulala usiku kucha huku meno yakisagana, akaamka na shingo ngumu kuliko alivyolala nayo. Mama aliyebeba ndoo ya lita 20 kichwani huitua, lakini mguse shingo nusu saa baadaye, utaikuta bado imesimama. Mwili uliochoka ndio wenye mengi ya kuachia, na ukimkalisha mtu huyo akatafakari bila kumlegeza kwanza, atasinzia au atateseka.

Nimeulizwa pia mara nyingi kama hii ni dini ya kigeni inayoingizwa kwa mlango wa nyuma. Bega halina dini. Anayekwenda kushika rozari na anayekaa kwenye uradi, wote wawili wana taya.

Naona muda unanikimbia, na bado sijagusa pumzi. Nitasema moja tu. Mapigo ya moyo huongezeka kidogo tunapovuta hewa na hupungua tunapoitoa, kwa hiyo refusha kutoa kuliko kuvuta: vuta kwa puani ukihesabu hadi nne, toa ukihesabu hadi sita, na utapata pumzi sita kwa dakika bila kujibana. Mbinu ya Mjerumani Johannes Schultz, ya mwaka 1932, ambayo mtu hujiambia kwamba mkono ni mzito na wa vuguvugu, tutaiacha hadi mkutano mwingine. Kuhusu kukaa, makalio yawe juu kuliko magoti, iwe kwa kigoda au kwa blanketi lililokunjwa, maana nyonga iliyobanwa humvuta mtu nyuma na mgongo hulazimika kufanya kazi ambayo mifupa ingeifanya.

Tahadhari siwezi kuziruka. Mwenye shinikizo la juu la damu asizuie pumzi anapokaza, na akaze kwa wastani. Sehemu yenye jeraha au iliyofanyiwa upasuaji karibuni iachwe kabisa. Shavu la mguu na wayo vikazwe kidogo na kwa muda mfupi, kwani hushikwa na mkakamao upesi. Tena wapo watu, wala si wachache, ambao mwili ukianza kulegea huingiwa na hofu, hasa waliopitia mambo mazito. Hao wasilazimishwe kulala wala kufumba macho. Waketi, watazame mbele, na walegeze mkono mmoja tu kwa siku. Ninawaomba wenzangu mnaofundisha mlizingatie hili, maana nimewahi kuona mwalimu akimkemea mtu aliyekuwa akitetemeka, na nilisikitika sana.

Mikeka imetandikwa upande wa madirisha. Tutakwenda mkono wa kulia, kisha wa kushoto, uso na taya, shingo na mabega, kifua, tumbo, na miguu mwishoni. Kila sehemu tutaikaza kwa sekunde tano hadi saba na kuiacha kwa nusu dakika nzima, na hiyo nusu dakika msinifupishie. Wenye mgongo unaouma waweke khanga iliyokunjwa chini ya magoti. Anayehitaji kubaki kwenye kiti abaki. Vueni saa na mikanda, kisha laleni, tuanze na mkono wa kulia.