Kifua cha mjini na kifua cha shamba

BAKARI: Karibuni barazani wasikilizaji, tuko Tanga mjini kama kawaida. Dada Mwanaidi leo amenikatisha kashata nusu, anasema ana neno.

MWANAIDI: Kashata utamaliza, kaka Bakari. Nijibu kwanza. Mtu anayekaa hapa mjini kando ya barabara ya malori, na mtu wa kule juu Lushoto, nani yuko karibu zaidi na kufa kwa ugonjwa wa kifua?

BAKARI: Si wa mjini? Vumbi, moshi wa magari, majirani wanachoma taka uani. Wa Lushoto anavuta hewa ambayo Wajerumani waliipandia mlima.

MWANAIDI: Hiyo ni hewa ya nje. Umewahi kuingia jiko la kule saa moja asubuhi, msimu wa baridi?

BAKARI: Nimeingia. Macho yalinitoka machozi, nikaambiwa nikae chini.

MWANAIDI: Kwa sababu moshi unakaa juu! Mafiga matatu, kuni mbichi za mvua, dirisha limezibwa maana nje kuna ubaridi. Juu ya moto yananing'inia mahindi ya mbegu ili wadudu wa dumuzi wasiyaguse, kwa hiyo moshi una kazi yake mle ndani, huwezi kumwambia mtu aufukuze hivi hivi. Na mama anapika mtoto akiwa mgongoni. Shirika la Afya Duniani linasema nyumba isiyopitisha hewa vizuri inaweza kuwa na chembe za moshi mara 100 ya kiwango kinachokubalika.

BAKARI: Mara 100? Basi barabara ya malori ina nafuu.

MWANAIDI: Nafuu si sana, na mjini nasi tuna mkaa. Lakini moshi huo wa majumbani ulikadiriwa kuua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Wengine moyo, wengine kiharusi, wengine nimonia, wengine yale mapafu yanayochoka pole pole mpaka bibi anashindwa kupanda kilima cha kwenda kisimani.

BAKARI: Na huyo bibi hajavuta sigara hata siku moja.

MWANAIDI: Hata siku moja.

BAKARI: Ila ngoja nikubishie. Marekani nako wanasema watu wa vijijini wanakufa zaidi kwa magonjwa sugu ya mapafu kuliko wa mijini. Kule hakuna mafiga. Sasa?

MWANAIDI: Hapo umenipa nilichokitaka. Kule wanataja sigara, maana vijijini wanavuta zaidi, wanataja uzee, na migodi ya makaa ya mawe kwenye baadhi ya maeneo. Lakini wanataja pia umbali wa hospitali. Huo umbali ndio tunaofanana nao. Moshi unautia mwili ugonjwa, halafu njia inamalizia.

BAKARI: Fafanua hiyo njia.

MWANAIDI: Mtoto wa kijiji cha ndani Kilindi ameanza kukohoa. Wanampaka mafuta, wanampa tangawizi na asali, siku zinapita. Usiku anaanza kupumua mbio. Zahanati iko mbali, na ikifikiwa huenda dawa ipo, amoksilini, lakini oksijeni hakuna. Oksijeni inataka mtungi uliojazwa, au ile mashine inayochuja hewa ya chumbani, na mashine inataka umeme. Umeme ukikatika, imebaki kuwa meza. Hapa mjini bajaji inakufikisha hospitali ya Bombo kabla chai haijapoa.

BAKARI: Kwa hiyo ugonjwa ni mmoja, tofauti ni saa ngapi umefika.

MWANAIDI: Na kama ulihesabiwa. Aliyefia nyumbani anazikwa, tunaambiwa "alishikwa na kichomi", basi. Ndiyo maana wataalamu huenda kuwahoji wafiwa: alikohoa siku ngapi, kifua kilibonyea, alipumua haraka? Hapo wanakisia sababu ya kifo. Kwa hiyo ukiona takwimu za shamba ziko chini, usishangilie haraka.

BAKARI: Haya, mama wa Kilindi afanyeje na simu yake mkononi? Maana wanatusikiliza.

MWANAIDI: Ahesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala kunyonya wakati huo. Inua nguo, angalia tumbo na kifua vinavyopanda, weka dakika nzima kwenye simu. Usihesabu nusu ukazidisha mara mbili, watoto hupumua ovyo ovyo. Chini ya miezi miwili, 60 na zaidi ni hatari. Miezi miwili hadi 11, 50 na zaidi. Mwaka mmoja mpaka kabla ya mitano, 40 na zaidi. Na sehemu ya chini ya kifua ikiingia ndani kila anapovuta, au akishindwa kunyonya, msingoje alfajiri.

BAKARI: Na chanjo?

MWANAIDI: Ya nimonia ipo nchini tangu 2013, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kadi iangaliwe tu.

BAKARI: Sasa serikali inasema asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishaambiwa ziache kuni na mkaa tangu mwanzoni mwa 2024. Mimi nafurahi, lakini niambie ukweli: wewe maharage unapikia nini?

MWANAIDI: Mkaa.

BAKARI: Haya!

MWANAIDI: Gesi naichemshia chai na kupashia kiporo. Maharage saa mbili kwenye mtungi mdogo, mfuko wangu haukubali. Kama mimi wa mjini nafanya hivyo, yule wa Kilindi anayeokota kuni bure utamshawishi kwa mtungi ambao duka la kuujaza liko safari ya daladala mbili?

BAKARI: Kuna wanaosema jiko la umeme la presha linatumia umeme kidogo.

MWANAIDI: Maharage linayaivisha upesi kweli, nimeonja kwa jirani. Bei ya kulinunua ndiyo shughuli. Wangeanza nalo kwenye vikundi vya akina mama, walipe kidogo kidogo kama wanavyolipia kitenge. Na jiko la kuni lenye bomba la kutolea moshi lisidharauliwe kwa wale ambao umeme haujawafikia.

BAKARI: Na yale mahindi ya mbegu juu ya moto?

MWANAIDI: Yatiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, dumuzi wanakufa wenyewe. Hiyo nayo inauzwa, usinitazame hivyo. Kula kashata yako.