Alituepusha, siyo atatuepusha

Tanga mpo? Ngamiani, Chumbageni, Makorora, nawasalimu. Leo nawarekodia garini, nimetoka zamu ya usiku, kioo kimeganda barafu nasubiri kiyeyuke.

Jana mjomba wangu kanipigia yuko barazani, vikombe vya kahawa nasikia vinagongana. "Hivi hao marais wa huko Marekani, mbona wakiomba kura wote hawataki vita?" Nikacheka, lakini usiku kucha kazini nalifikiria.

Mchukueni Rais Woodrow Wilson. Mwaka 1916, Ulaya inaungua, yeye anagombea tena. Kaulimbiu ya kampeni: "Alituepusha na vita." Wewe Mswahili hebu isikilize. A-li-tuepusha. Ni "li" hiyo, siyo "ta"! Hiyo "ta" mpiga kura kajitilia mwenyewe, kama sukari. Novemba akashinda kwa mbinde, California kapita kwa kura zisizofika 4,000. Miezi mitano haijatimia, Aprili 2, 1917, yuko mbele ya Congress, bunge lao, anaomba vita. Tarehe 6 vikatangazwa. Sawa, nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinazamisha meli, simwonei. Ila "li" ile ilimfaa.

Rais Franklin Roosevelt yeye alithubutu "ta". Boston, Oktoba 1940: vijana wenu hawatapelekwa kwenye vita vya ugenini. Kwingine alikuwa akiongeza "labda tukishambuliwa". Usiku ule hako kamkia akakaacha. Mwaka uliofuata Wajapani wakashambulia Pearl Harbor, Marekani ikaingia vitani.

Namsimulia mjomba hayo, akanikata: "Sisi je? Si tuliwekewa ahadi hapa hapa?" Kweli bwana! Agosti 1914 Waingereza na Wajerumani walipatana bandari ya Tanga isiguswe. Schnee, gavana wa Kijerumani aliyetutawala, alikuwa anautaka sana utulivu huo. London ikakataa kuyakubali mapatano. Novemba 2 ikaingia manowari ya Kiingereza, Fox, kuja kusema yamevunjika, na usiku askari wa Mwingereza wakaanza kushuka Raskazone. Askari wengi kutoka India, maelfu, kuja kupigana na Mjerumani kwenye minazi na mashamba yetu. Mtu wa Tanga nani alimuuliza? Makaburi yao mpaka leo mnayo hapo mjini.

"Na nyuki," mjomba akasema. "Nyuki ndio hawakumuahidi mtu. Wakatoka wakauma Mjerumani, wakauma Mwingereza, wakauma..."

Bando lake likakata hapo hapo kwenye nyuki. Haya, kioo kimeshayeyuka, ngoja niwashe niende, nikifika nimpigie amalizie.