Mdai asisubiri eda iishe

Mmenialika nizungumzie mirathi, na najua wengi mmekuja kusikia habari za mgawanyo: nyumba ya nani, shamba la nani. Mimi leo nataka kuwasemea watu wanaosahauliwa msibani, yaani wanaomdai marehemu.

Sote tumewahi kusimama makaburini tukamsikia msemaji wa familia akitangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa naye aje. Ni desturi njema mno. Kwa Waislamu ina mzizi kwenye Qurani, Sura ya An-Nisaa, ambako mafungu ya warithi yametajwa kuwa ni baada ya wasia na deni. Ila tangazo lile linaishia pale pale makaburini. Hakimu hakulisikia.

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinijia na daftari lake la madeni, ukurasa umekunjwa ncha: mifuko 40 ya saruji, tarehe, na sahihi ya marehemu kwa kalamu ya bluu. Deni halina ubishi. Siku ya mazishi alijitokeza, akaambiwa tumalize kwanza arobaini. Arobaini ikapita, akaona haya kumgongea mjane aliye edani. Akangoja miezi 4 na siku 10 itimie. Alipokwenda, msimamizi wa mirathi alikuwa ameshateuliwa zamani, kiwanja kimeuzwa, watoto 6 wamegawana. Mama wa watu alifanya ustaarabu, na ustaarabu ukamgharimu. Nilisikitika sana siku ile, na bado nasikitika.

Sasa sikilizeni hesabu ya mahakama. Hapa Tanzania, kwa kanuni za mirathi za mwaka 1971 zinazotumika mahakama ya mwanzo, msimamizi anapewa miezi 4 tangu kuteuliwa, au zaidi mahakama ikimruhusu, awasilishe Fomu namba 5 yenye mali na madeni yote ya marehemu. Hesabu ya alichokusanya na alicholipa huenda kwenye Fomu namba 6. Mirathi ikiwa Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, orodha ni ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1. Muda huo amewekewa msimamizi, lakini wewe mdai ndio dirisha lako. Mali ikiwa bado mkononi mwa mtu mmoja, deni lako linakaa mbele ya warithi, baada ya gharama za mazishi na za usimamizi. Ikishagawanywa na mirathi kufungwa, kuwafuata watoto 6 kila mmoja na fungu lake ni safari nyingine kabisa.

Kuna muda mwingine pia wa kuchunga. Deni la makubaliano lina ukomo wa miaka 6, na inahesabiwa tangu siku lilipotakiwa kulipwa likakwama. Usianze kuhesabu siku ya kifo.

Kwa hiyo usidai kwa mdomo. Andika barua, ambatisha nakala ya daftari au hati, mpe msimamizi, naye asaini nakala yako na kuweka tarehe. Nakala nyingine peleka mahakamani. Akikataa deni, mahakama ile ile ya mirathi ina mamlaka ya kusikiliza na kuamua.

Wasimamizi nanyi mpo hapa, nawaona. Msikubali deni lisilo na ushahidi kwa sababu tu mdai analia. Marehemu alikuwa na mkopo benki? Ulizeni kama ulikuwa na bima ya kuulipa akifa, kabla hamjauza hata kiti. Na mali isipotosha madeni, mrithi halazimiki kutoa mfukoni mwake.

Mdai, ukifika kwa karani, ulizia kwanza namba ya shauri la mirathi na uiandike juu ya barua yako. Bila namba hiyo, barua haina jalada la kuingia.