Kabla ya Kuuliza Kama Sheria Imefanikiwa, Ulizeni Kama Imeanza

Waheshimiwa wabunge, makarani wa kamati, na ndugu zangu mnaofuatilia shughuli za Bunge: sitaeleza mswada unavyosomwa mara ya kwanza hadi ya tatu. Hiyo ni kazi yenu ya kila wiki. Mimi naanzia pale mnapoiachia, Rais akishatia sahihi.

Kamati ikipewa sheria ya zamani ipime matokeo yake, karibu kila mara huanza na swali hili: je, imefanikiwa? Nimelipinga swali hilo kila nilipopewa nafasi, na leo nalipinga tena. Hatuulizi mtoto amepata alama ngapi kabla ya kujua kama aliandikishwa shule. Ulizeni kwanza: imeanza?

Chukueni sheria ya Kenya ya huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo, nambari 18 ya 2017. Iliidhinishwa mwezi Juni mwaka huo. Ilikuja kuziba pengo linalojulikana: kwa kifungu cha 386 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, mtu akifa kifo cha kutatanisha, anayeanza kuchunguza ni afisa wa polisi. Sheria mpya ikataka pawe na mchunguzi mkuu wa vifo na huduma yake yenyewe, ambayo kazi yake ni kueleza huyu alikufaje.

Shikeni nakala yake mkononi. Ukurasa wa kwanza una tarehe mbili: ya idhini na ya kuanza kutumika. Zote zimejazwa. Anayeishia ukurasa huo ataapa kwamba sheria inafanya kazi.

Aprili 2023, makaburi ya waumini wanaosemekana kufunga hadi kufa yakaanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili ilipita 400. Sheria ilikuwa inakaribia miaka sita, na ile huduma ilikuwa bado haijasimama. Miili ilipelekwa Malindi, ikahifadhiwa kwenye makontena ya baridi kwa sababu mochari haikutosha. Jamaa walitoa sampuli za DNA, wakarudi nyumbani kusubiri. Familia za kwanza zilikabidhiwa miili ya wapendwa wao Machi 2024. Sisemi ofisi ya mchunguzi mkuu ingezuia vifo vile. Nasema nchi ilikabili msiba mkubwa wa aina hii bila chombo ambacho Bunge lake lilikuwa limekwisha kukiunda kwenye karatasi.

Mtaniambia ipo mamlaka ya kusimamia polisi tangu 2011. Ipo, lakini kazi yake ni kumchunguza afisa. Mchunguzi wa vifo anachunguza kifo chenyewe, awe aliyesababisha ni askari, dereva au ugonjwa. Msichanganye kazi hizo mbili.

Kwa hiyo karani wa kamati, kabla hajaandika barua hata moja ya kuita mashahidi, aitishe makaratasi manne kutoka wizarani. La kwanza ni notisi ya kuanza kutumika, kifungu kwa kifungu, maana waziri anaweza kuanzisha sehemu na kuacha nyingine. La pili ni kanuni zilizotungwa chini ya sheria hiyo, na orodha ya zile ambazo sheria ilizitaka lakini hazijatungwa. La tatu ni barua za uteuzi wa wale ambao sheria inawataja kwa cheo. La nne ni fungu la bajeti, mwaka kwa mwaka tangu sheria ilipopita. Likikosekana hilo la nne, msitegemee kwamba yale matatu yatatoa huduma. Kamati nyingi hulisahau kwa sababu bajeti iko kamati nyingine, na hakuna anayevuka ukumbi kwenda kuuliza.

Uingereza walikubaliana juu ya jambo hili mwaka 2008. Kati ya miaka 3 na 5 baada ya sheria kuidhinishwa, wizara inaandaa andiko na kulipeleka kwa kamati ya Bunge. Andiko hilo linasema vifungu vipi vimeanza na vipi havijaanza, kanuni zipi zimetoka, na ugumu gani wa kisheria umejitokeza, halafu wizara inatoa tathmini yake ya awali. Tazameni mpangilio: kuanza kunatangulia, kufanikiwa kunakuja mwisho. Na anayeandika ni wizara, kwa hiyo kisingizio cha kwamba wabunge hawana muda hakina nguvu. Kamati inasoma, kisha inaamua kama ichimbe zaidi.

Wengine husema mahakama zipo, zitarekebisha. Mahakama hujibu alichokileta mlalamikaji. Tena haitungi sheria. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa chini ya miaka 18. Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana, akafungua kesi, Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019. Serikali ilikuwa imepewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka huo ulipita na vifungu vikabaki kama vilivyoandikwa. Bunge lisipokuwa na ratiba yake ya kurudi kwenye sheria zake, hukumu nayo inaingia kabatini.

Muda umenibana, naona mwenyekiti ananionyesha saa. Kuhusu kanuni, Kenya ina sheria nzuri ya 2013: waziri ahakikishe kanuni inafikishwa Bungeni ndani ya siku 7 za vikao baada ya kuchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, la sivyo inakoma kutumika. Na kanuni inajifuta baada ya miaka 10, ikiongezewa muda ni mara moja tu, usiozidi miezi 12. Wekeni kalenda ya tarehe hizo ukutani ofisini, msingoje wakili wa mtu azigundue mahakamani.

Suala la mabunge ya kaunti nimeliacha. Ila ripoti ya kamati: Bunge la Taifa la Kenya likishaipitisha, waziri ana siku 60 za kueleza alichofanya. Siku ya 61, kama hakuna jibu, karani aandike barua, amtaje waziri kwa cheo, na nakala impe Spika.