Kubadilisha Mikanda ya Mashine ya Kusaga Bila Kuilazimisha

Habari zenu wapendwa. Leo tupo Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, mji wa mahindi. Nyuma yangu mnaona madebe yamepangwa foleni, wenyewe wamekaa kivulini, maana mashine imesimama tangu asubuhi. Mkanda mmoja umekatika, wa pili umechanika ubavuni, mmoja tu ndio umebaki mzima. Tutabadilisha yote mitatu, na sababu nitawaambia.

Mashine yenyewe ni kinu cha nyundo, mota ya fezi tatu, hosipawa 20. Hata kama yako ni ya dizeli, habari ya mikanda ni ile ile.

Tuanze na umeme. Zima stata, yaani swichi ya kuwashia mota, zima meni swichi, kisha toa fyuzi zote tatu uziweke mfukoni. Siyo mezani, mfukoni mwako. Mtu akipita akaikuta mashine kimya, mkono wake unakwenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kijani, na wakati huo vidole vyako viko kwenye puli, yale magurudumu yenye mifereji yanayobeba mikanda. Zangu hizi hapa, mnazisikia zinavyogongana. Haya.

Kava lina bolti nne, linatoka. Mikanda ya zamani tunaitoa, ila usiitupe, tunaanza kuisoma. Dogo, sogeza kamera. Mnaona hapa mgongoni, nikifuta unga? B 92. Hiyo herufi ni ukubwa wa mkanda: A upana wake wa juu ni milimita 13, B ni 17, C ni 22. Hiyo 92 ni urefu wa ndani, kwa inchi. Basi. Ukifika dukani kwangu ukasema "nipe mkanda wa mashine ya kusaga," nitakurudisha nyumbani ukasome namba. Ukija na B 92 mkononi, dakika moja umeondoka.

Sasa kwa nini yote mitatu? Najua bei ya mkanda, na namjua mtu mwenye mashine moja anavyohesabu shilingi yake. Lakini huu uliobaki mzima umeshafanya kazi miezi mingi, umerefuka. Ukiuweka pamoja na miwili mipya, hiyo mipya ndiyo itakayovuta, wenyewe huu utakuwa unasindikiza tu. Mzigo wa watatu unabebwa na wawili, na hao wawili hawafiki mbali. Nunua mitatu, kampuni moja, namba moja, siku moja. Wa zamani uweke ndani, mbali na jua, uwe wa dharura.

Kabla hatujavalisha, tukague puli. Chukua mkanda mpya, ukalishe kwenye mfereji. Mgongo wake uwe sawa na ukingo wa puli. Ukizama mpaka tumbo likagusa chini, puli imelika, hiyo ni ya kubadilisha. Mkanda wa namna hii unashika kwa mbavu, haushiki kwa tumbo. Tumbo likigusa chini, mbavu zinaachia, mkanda unateleza, unaungua.

Hapa puli kubwa iko vizuri. Ndogo nayo... subiri. Dogo, rudi hapo, washa tochi. Mnauona mfereji wa katikati? Mkanda umekaa juu kuliko wenzake. Sikuwa nimeliona hili. Huo ni unga uliochanganyika na grisi, umeganda, umekuwa kama saruji. Kumbe ndiyo maana ule wa katikati ndio uliokatika! Tunakwangua. Tumia kijiti kigumu, kisha brashi ya waya. Patasi hapana, utauchuna mfereji na kila mkanda utakaouweka utaliwa na hiyo alama. Nakwangua mpaka chuma king'ae. Mtanivumilia kidogo.

Haya, sasa tumefika penyewe. Naomba unisikilize vizuri hapa. Usivalishe mkanda kwa mtarimbo. Usivalishe kwa bisibisi. Mkanda haulazimishwi.

Miaka ya nyuma niliitwa kwenye mashine ya mama mmoja, msimu wa mavuno, foleni kama hii au zaidi. Nikaona kulegeza mota ni kupoteza muda. Nikachukua mtarimbo, nikaukwanyua mkanda juu ya ukingo wa puli, wa pili, wa tatu, dakika mbili nimemaliza, watu wakanisifu. Siku ya tatu mkanda wa kwanza ukageuka, tumbo juu mgongo chini. Siku ya nne ukakatika. Wiki haikuisha, yote mitatu imekwisha. Yule mama aliinunua mashine ile kwa fedha za upatu. Nilimlipa mikanda yake, lakini siku alizokosa kusaga sikuweza kumlipa, na mpaka leo nikishika mtarimbo namkumbuka.

Kilichotokea ni hiki. Tazama huu uliokatika, ninaupasua. Mnaziona nyuzi hizi nyeupe zilizojipanga? Hizo ndizo zinazobeba kazi yote. Mpira unashika puli tu. Ukikwanyua kwa chuma, nyuzi za ukingoni zinakatika ndani kwa ndani, nje huoni kitu. Mkanda unakuwa umekufa upande mmoja kabla hata haujazunguka mara moja.

Kwa hiyo tunalegeza mota. Nati nne, spana ya 24. Unalegeza tu, huzitoi. Moja, mbili, tatu... hii ya nne imeota kutu, inagoma. Sitaipiga nyundo. Napulizia dawa ya kutu, tunaipa dakika kumi.

Wakati tunasubiri, tazameni hizi puli. Ya mota ina inchi 10, ya kinu ina inchi 5. Mota inazunguka kama mara 1,450 kwa dakika, basi kinu kinazunguka mara mbili ya hapo, kama 2,900. Kuna watu huweka puli ndogo zaidi kwenye kinu ili kiende kasi. Msifanye hivyo. Nyundo za ndani zimetengenezwa kwa kasi yake, zikizidishiwa zinaweza kung'oka, na mlangoni pa mashine hapakosi mama na mtoto mgongoni.

Imeachia. Sasa sukuma mota kuelekea kwenye kinu, mpaka mkanda uingie kwa mkono mtupu. Kama hauingii, bado hujasukuma vya kutosha. Sukuma tena. Usiangalie mtarimbo, sukuma mota. Anza na mfereji wa ndani kabisa, malizia wa nje. Unapozungusha puli uikae, sukuma mkanda kwa kiganja, kutoka mgongoni. Vidole visipite chini, kati ya mkanda na puli, na msaidizi wako aondoe mikono. Mmeona? Umeingia wenyewe.

Sasa uzi. Mimi napenda uzi wa kuvulia samaki, haurefuki. Uvute kwenye nyuso za puli zote mbili, uguse sehemu nne: kingo mbili za puli kubwa, kingo mbili za ndogo. Ukiacha mwanya mahali, puli hazijanyooka, na mikanda italika upande mmoja.

Kaza bolti ya kusukumia mota nyuma, kidogo kidogo, kulia kisha kushoto. Halafu rudi kwenye uzi. Ndiyo, tena. Mota ikivutwa huwa inapinda, na hapo ndipo wengi wanapokosea, wanapima mara moja wanasahau. Angalia hapa, mwanya umeshatokea, unaingia ukucha. Kushoto robo mzunguko... basi. Uzi umelala.

Kukaza kiasi gani? Bonyeza kwa dole gumba katikati ya mkanda. Kwa kila mita moja kati ya puli na puli, kitovu hadi kitovu, ushuke milimita 16. Hapa kuna kama sentimita 90, kwa hiyo milimita 14 hivi. Ukilegea utalia na kuungua. Ukikaza kupita kiasi unaua beringi, nazo ni ghali kuliko mikanda. Na ukilia, usipake sabuni, wala lami, wala oili. Kaza mota.

Nati nne kaza zote, kava lirudi. Kava siyo pambo, jamani. Ncha ya mtandio ikigusa mkanda, huna muda wa kupiga kelele.

Fyuzi zinarudi. Mama, shikamoo, rudini nyuma kidogo. Inawaka tupu kwanza... sikilizeni. Mvumo mmoja, hautetemi. Naupenda huu mlio kuliko muziki. Leta debe la kwanza. Dona hiyo, safi kabisa, shika unga uone ulivyo wa uvuguvugu.

Nusu saa imepita, madebe yanakwenda. Sasa nazima. Najua foleni inaninunia, lakini mikanda mipya lazima itulie kwenye mifereji, na ikitulia inalegea. Tubonyeze: milimita 18. Ilikuwa 14. Kesho asubuhi mwenye mashine atapima tena kabla hajawasha, na ninaandika namba B 92 kwa rangi hapa kwenye kava, asiitafute siku nyingine. Dogo, nipe spana ya 24. Fyuzi ziko mfukoni.