Mohamed Amin: kijana wa Dar es Salaam na kamera yake

Vijana wangu, asanteni kwa kuja. Nimewajia hapa Mwanza kumzungumzia Mohamed Amin, kwa sababu alikuwa mpigapicha wa kwetu.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, baba yake mfanyakazi wa reli. Mwaka 1963 akaanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, pale pale Dar. Mwaka uliofuata akapiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar, na baadaye huko huko Zanzibar akafungwa karibu mwezi mzima. Picha zake za siku aliyouawa Tom Mboya, waziri wa Kenya, Julai 1969, zilimpa tuzo ya mpigapicha bora wa televisheni nchini Uingereza.

Lakini nataka tukae kwenye Oktoba 1984. Watu wanakufa kwa njaa kaskazini mwa Ethiopia, na kibali cha kwenda huko hakipatikani. Amin aliwajua maofisa wa Addis Ababa kwa miaka, aliwafuata na kuwarudia hadi kibali kikatoka. Ndipo yeye na Michael Buerk, mwandishi wa BBC, wakafika Korem, mji wa huko kaskazini. Itazameni kamera yake: haina papara, inapita taratibu kwenye umati, inatua usoni kwa mtu na kumpa muda wa kuonekana. Taarifa ile ilirushwa na vituo zaidi ya 400 duniani. Wengi humsifu Buerk kwa maneno yake, na anastahili. Ila bila zile siku za kufuatilia kibali, pasingekuwa na cha kusimulia.

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, likamuua fundi wake wa sauti, John Mathai, na Amin akapoteza mkono wa kushoto. Alirudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa ilipoanguka baharini Comoro.

Mei ya mwaka huo huo, meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria, karibu na hapa tulipo. Mnaoyajua makaburi ya Igoma, walikozikwa waliokufa kwenye meli ile, mnanielewa. Mgeni hupiga picha ya mfiwa akaondoka. Ninyi mtakutana naye tena kwenye kivuko cha Kamanga, na atawauliza picha yake mliifanyia nini. Ndiyo maana nawadai adabu kubwa zaidi.

Kesho alfajiri tunaanzia soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Kamera zibaki begani kwanza. Toeni mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, ombeni ruhusa, andikeni jina la mtu na kazi yake, ndipo mpige.