Nyumba ya Gazeti Iliyopokea Wakimbizi

Ndugu waandishi, wanafunzi na wageni wetu, asanteni kwa kufika.

Katika barabara ya Biscayne mjini Miami, Marekani, liko jengo la ghorofa 17, chini pana, juu mnara mwembamba. Leo linaitwa Freedom Tower, yaani Mnara wa Uhuru. Lilifunguliwa mwaka 1925 kama makao makuu ya gazeti la jiji, Miami Daily News. Mwenye gazeti alikuwa James M. Cox, gavana wa zamani wa Ohio, aliyegombea urais mwaka 1920 akashindwa na Warren Harding. Wakati ule biashara ya viwanja Miami ilikuwa imepamba moto, na tajiri wa gazeti alitaka jengo la kuonekana.

Wasanifu wake, Schultze and Weaver wa New York, waliiga mnara wa Giralda ulioko Seville, Hispania. Hapa naomba tutue kidogo, hasa sisi tuliokulia pwani. Giralda ulijengwa kuwa mnara wa msikiti mkuu, ukakamilika mwaka 1198. Mji ulipotekwa na Wakristo mwaka 1248, msikiti ukageuzwa kanisa kuu, na katika karne ya 16 mnara ukaongezewa sehemu ya kengele juu. Basi mahali pa adhana pakawa pa kengele, na umbo lenyewe likavuka Atlantiki kwenda kutangaza gazeti! Kwangu mimi, hilo peke yake linatosha kulifanya jengo hili listahili mhadhara.

Gazeti lilihama mwaka 1957, na mwisho wa 1988 likafungwa kabisa.

Lakini historia ninayotaka muondoke nayo inaanza 1962. Mwaka huo serikali ya Marekani ililikodi jengo kwa ajili ya Wakuba waliokuwa wakiikimbia serikali ya Fidel Castro. Wenyewe waliliita El Refugio, Kimbilio. Kuanzia Desemba 1965 hadi Aprili 1973 kulikuwa na ndege maalumu kutoka Varadero, Kuba, mbili kwa siku, siku za kazi. Watu wengi waliteremka na sanduku moja tu. Hapo mnarani waliandikishwa, wakapimwa afya, wakapewa chakula cha akiba ya serikali: maziwa ya unga, jibini, nyama ya kopo. Familia isiyo na kipato iliweza kupata hadi dola 100 kwa mwezi. Fikirieni daktari au mwalimu aliyeheshimika Havana, amepanga foleni kungoja kopo la nyama. Wapo waliolia kwa aibu, na wapo walioshukuru. Nadhani wengi walifanya yote mawili.

Tusiisimulie nusu. Wahaiti waliofika Florida kwa mashua katika miaka ya 1970 hawakufunguliwa mlango kama huo. Wengi walikataliwa hifadhi. Anayeisifu huduma ile, na mimi naisifu, aseme na hilo.

Kituo kilifungwa 1974. Jengo likabaki tupu miaka mingi, madirisha yakavunjwa, wasio na makazi wakalala humo. Mwaka 1997 Jorge Mas Canosa, kiongozi wa Wakuba wa uhamishoni, alilinunua kwa dola milioni 4.1 ili likarabatiwe. Julai 2003 mwili wa mwimbaji Celia Cruz, Mkuba wa uhamishoni, uliwekwa humo, na maelfu wakapanga foleni kumuaga. Baadaye mwekezaji mwingine alilinunua, akapanga kujenga mnara wa makazi nyuma yake. Watetezi wa majengo ya kale wakapinga, na mwaka 2005 likakabidhiwa Chuo cha Miami Dade bila malipo.

Mwaka 2008 serikali ililitangaza kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Sababu kuu haikuwa Cox wala gazeti lake. Ilikuwa ile miaka 12 ya kukodiwa na serikali, ya maziwa ya unga na foleni.

Sasa karibuni kwa maswali.